Kiti Kimevunjika, Nani wa Kulaumiwa?

Mwezi huu nimeziweka kando barua zenu za wivu na za simu zinazoita usiku wa manane, maana nina jambo langu. Tuzungumze kuhusu viti. Ndiyo, viti vya plastiki, vile vya kukodi kwenye arusi na misiba, ambavyo bila shaka na wewe unavyo viwili vitatu kwenye kibaraza chako. Usifungue ukurasa unaofuata kwanza! Viti hivi vilinifanya mimi na mume wangu tusisemeshane siku nne nzima, na katika ndoa yetu hakuna mtu, pesa wala simu iliyowahi kufikia rekodi hiyo.

Kwao mume wangu ni Nyangamara, mkoa wa Lindi. Kule ni nchi ya mikorosho na ufuta. Mvua zikishakatika na ufuta ukishauzwa, shughuli zinaanza: unyago, jando, arusi, hitima. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi karibu na Desemba, kupata wikiendi isiyo na ngoma ni bahati. Na siku hizi shughuli bila viti si shughuli. Zamani watu walikaa kwenye mikeka na maisha yakaenda, lakini nenda leo kaalike wakwe zako uwakalishe chini uone watakavyokusema.

Basi mwanzoni mwa 2022 tukajikuta na akiba kidogo, tukaona badala ya kumtumia mama mkwe pesa ya sukari kila mwezi, tumfungulie mradi. Viti vya kukodisha. Mimi ndiye niliyeingia Kariakoo siku hiyo, maana mume wangu akiambiwa bei anatoa pochi hapo hapo. Nikazunguka duka hadi duka, nikapata viti rangi ya damu ya mzee, vinang'aa, shilingi 13,000 kimoja. Nilichukua 80. Jumla shilingi 1,040,000, nauli ya Fuso mbali. Muuzaji aliniapia kuwa vinastahimili jua. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, si unajua tena.

Mama akapanga bei ya kijijini: shilingi 300 kwa kiti kwa siku. Piga hesabu uone. Kila kiti kilitakiwa kitoke mara 44 ndipo kirudishe pesa yake. Kwa msimu wenye shughuli 12 au 13, hiyo ni miaka mitatu na nusu kabla hujaona hata senti ya faida. Hesabu hii sikuipiga Kariakoo. Niliipiga baadaye, usiku, nikiwa nimenuna.

Oktoba 2024, ndani ya msimu wa tatu, simu ikalia saa nne usiku. Kwenye arusi moja, mjomba wa mume wangu, mzee mwenye heshima zake, alikuwa amekaa mstari wa mbele na kanzu yake nyeupe, na wala si mtu mnene. Mguu wa nyuma wa kiti ukakatika kama muhogo mkavu. Mzee akaenda chini, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Ngoma ikasimama.

Nisikufiche yaliyofuata kule sebuleni kwetu Dar es Salaam. Mume wangu akasema, "Si wewe ulisema tuchukue vya bei poa?" Na mimi nikajibu, "Na mama yako si alisema atavitunza?" Msomaji, ukishatamka "mama yako" kwa sauti ile, hata ungekuwa na haki huna haki tena. Siku nne. Tuliandikiana meseji za ada ya shule huku tumekaa kochi moja.

Novemba tukafunga safari kwenda kumpa mzee pole. Mpaka tunavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, mazungumzo yetu yote yalikuwa kuhusu maji ya kunywa na nani afungue dirisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Mmekuja? Kiti chenu kimenipa talaka mbele ya watu, tena bila mashahidi."

Alicheka yeye kwanza, mkono ukiwa kwenye plasta, na sisi tukapata ruhusa ya kucheka. Baada ya hapo nikaenda kuangalia viti.

Vilikuwa vimepangwa nyuma ya nyumba, upande wa kusini, vimebebana minara minne mirefu ukutani. Nje kabisa. Nikamgeukia mume wangu na lile jicho la "unaona?" Kumbe mama mkwe alikuwa nyuma yangu.

"Stoo ina korosho, mwanangu," akasema. "Korosho ikilowa inaoza. Kiti ni plastiki, kitaoza nini? Na hapo nimeviweka kwenye kivuli."

Kivuli gani? Ilikuwa saa sita mchana na ule ukuta ulikuwa unawaka. Nilikaribia kufungua mdomo, namshukuru Mungu sikuufungua, kwa sababu mume wangu alikuwa anaangalia chini, kwenye kivuli chake mwenyewe, akiwa na uso wa mtu aliyekumbuka kitu. Akasema walipokuwa wadogo, likizo ya Juni walikula chakula cha mchana upande huo huo wa nyumba kwa sababu kulikuwa na ubaridi. Likizo ya Desemba walihamia upande wa pili.

Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka, na naomba uisome sehemu hii pole pole hata kama unaishi ghorofani Sinza, maana inakuhusu.

Sisi tunaoishi kusini kidogo ya ikweta, jua linatuhama. Lindi ipo kama nyuzi 10 kusini. Mwezi wa Juni jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, nyuzi 33 hivi kutoka utosini. Ukuta wa kusini unakuwa na kivuli kutwa nzima, asubuhi mpaka jioni. Mama aliposhusha viti Juni 2022 akachagua pale, alikuwa sahihi kabisa. Lakini jua linarudi taratibu, na karibu na tarehe 20 Oktoba linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Baada ya hapo linavuka kwenda kusini na kukaa huko mpaka karibu na tarehe 22 Februari. Miezi minne, ukuta ule ule uliokuwa na kivuli kutwa unapigwa jua kutwa.

Na Oktoba ndiyo korosho zinaporundikana nyumbani, zikianikwa na kuwekwa kwenye magunia kusubiri kupelekwa chama cha msingi. Stoo inajaa, viti vinatolewa nje, na vinatolewa wiki zile zile ambazo jua limekaa juu ya paa. Mama hakuzembea. Alikuwa na kivuli, kikamkimbia, na hakuna mtu anayehamisha minara ya viti kila mwezi kufuata jua, hasa mtu mwenye korosho za kuokota.

Kwa wa Dar es Salaam tarehe zinasogea kidogo: utosini ni karibu na tarehe 10 Oktoba na tarehe 4 Machi. Kibaraza chako kinachotazama kaskazini kinapigwa jua katikati ya mwaka, kinachotazama kusini kinapigwa mwisho wa mwaka, na kinachotazama magharibi, pole sana, kinapigwa kila jioni mwaka mzima. Kwa hiyo ukisema "viti vyangu vipo kivulini", jiulize ni kivuli cha mwezi gani.

Sasa jua linafanya nini hasa? Mimi nilisomea mawasiliano ya umma, si kemia, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyojieleza mwenyewe.

Viti vingi vya aina hii ni plastiki iitwayo polipropilini. Geuza kiti chako chini juu, tafuta kipembetatu chenye namba 5 na herufi PP. Plastiki hiyo ni minyororo mirefu, mirefu kweli, iliyojikunja pamoja kama uzi kwenye rimoti ya mshona nguo... samahani, kwenye kibobo cha cherehani. Ndani ya mwanga wa jua kuna miale ya urujuanimno, ile ile inayokubabua ngozi ufukweni. Miale hii ina nguvu ya kuikata minyororo. Pakishakatika, hewa ya oksijeni inaingia, na mkato mmoja unazaa mwingine. Kazi inaanzia juu, kwenye ngozi ya kiti. Rangi inapauka. Kisha ukipitisha kidole unaona unga mweupe. Unga ule si vumbi, ni kiti chenyewe kinavuka ngozi. Halafu ngozi hiyo iliyokakamaa inapasuka nyufa ndogo usizoziona, na siku mtu mzima akikaa na kuegemea nyuma, ufa mmoja unashuka mpaka ndani. Ndiyo maana kiti hakikuonyi. Jana kimebeba mtu, leo kinamwangusha.

Joto nalo lina lake, ila watu wengi wanalipa lawama isiyo yake. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na Lindi yetu hata iwake vipi haijafika huko. Lakini kiti cha rangi nzito kikiachwa juani kinaweza kupita nyuzi 60, na kikiwa na joto hivyo, ule ukataji wa minyororo unakwenda mbio zaidi. Pia kinalegea. Ukipanga viti ishirini kwa mnara mmoja juani, cha chini kinatanuka miguu taratibu, na kiti kilichotanuka miguu hakirudi. Kiweke juu ya vigae vinavyoteleza uone kitakavyompeleka mgeni wako.

Viwandani wanalijua hili siku nyingi. Wakati wa kuchanganya malighafi unaweza kuongezwa dawa ya kuzuia miale, kitu kama mafuta ya kujikinga na jua, ila yamo ndani kwa ndani. Shida ni kwamba dawa inagharimu na haionekani kwa macho. Viti viwili vinaweza kufanana kama mapacha, kimoja kina dawa ya kutosha na kingine kimepakwa maneno matupu ya muuzaji.

Uzito nao unadanganya. Mimi pale Kariakoo nilinyanyua kiti, nikasema hiki kizito, basi ni imara. Kumbe wengine wanachanganya unga wa chokaa ili kupunguza gharama, na chokaa ni nzito kuliko plastiki. Nyangamara tulifanya mchezo. Tulichukua kipande cha kile kiti kilichovunjika tukakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Polipropilini tupu inaelea, ni nyepesi kuliko maji. Kipande chetu kilizama kama jiwe. Mume wangu aliniangalia, hakusema neno, nikamwambia, "Haya, sema." Akasema, "Sisemi." Hiyo kwetu ilikuwa hatua kubwa. Kwa haki, chokaa siyo sumu, kiasi fulani kinakifanya kiti kiwe kigumu. Ila haikilindi na jua, na kizito si lazima kiwe kizima.

Rangi je? Pale uani kwa mama kuna simtank jeusi, lipo juani miaka nenda rudi na halina hata ufa. Lile jeusi si urembo. Ni kaboni nyeusi, masizi maalumu yaliyosagwa laini, ambayo yanaimeza miale kabla haijaingia ndani, na wakati huo huo mwanga haupiti kwa hiyo maji hayaoti ukijani. Kwa uimara juani, hakuna rangi inayoifikia hiyo. Ila kalia kiti cheusi saa nane mchana ukiwa na sketi fupi halafu uniandikie. Nyeupe iliyotengenezwa vizuri inarudisha mwanga na haipati joto sana. Hizi nyekundu na damu ya mzee, na zambarau iliyo kwenye fasheni ya kumbi, ndizo zinazopauka ukiwa unaangalia. Nilizichagua kwa sababu zilipendeza. Nakiri.

Kuna siri moja ilitoka siku ya pili, na iliniogopesha kuliko hayo yote. Nilimuuliza wifi yangu kwa nini siku ya arusi hakuna aliyeona kuwa viti vimepauka. Akacheka kwa aibu. Kila kabla ya shughuli, alikuwa anavipaka mafuta ya kujipaka kwa kitambaa, viti vinarudi damu ya mzee, vinang'aa kama siku vilipotoka Kariakoo. Wateja wakasifu. Kumbe mafuta yanajaza zile nyufa ndogo juu na kuficha ule unga, basi. Minyororo iliyokatika haiungani. Mzee alikaa kwenye kiti kilichokuwa kimekufa na kupakwa wanja.

Na wifi si peke yake, mbinu hii ipo kila mahali. Wapo wanaopitisha moto juu juu, rangi inarudi, kisha baada ya muda kiti kinapauka tena na ngozi imezidi kukakamaa. Wapo wanaopaka rangi ya mafuta ya dukani, ile ya milango. Polipropilini haishiki rangi kirahisi, bila praima ya plastiki chini yake inabanduka vipande vipande na kubaki kwenye suruali za wageni. Polishi ya dashibodi ya gari, ile iliyoandikwa kuwa inazuia miale, ina nafuu kidogo kwa kiti ambacho bado kizima, lakini inabidi urudie kila mara. Kwa seti ya watu wanne bustanini, sawa. Kwa viti 80 vya kijijini, utamaliza mshahara.

Kwa hiyo tukaanza kuvipima. Tulivitoa vyote, kwanza tukaviosha kwa sabuni ya kawaida na sponji ili mafuta ya wifi yatoke. Tafadhali usitumie ile waya ya kusugulia sufuria, inakwaruza na kila mkwaruzo ni mlango wa ufa. Kisha kila kiti kikapita mikono miwili. Mimi nilisugua kwa kitambaa cheusi kuangalia unga. Mume wangu aligeuza kiti, akaangalia pale mguu unapokutana na kalio, maana ndipo mzigo wote unapopita, halafu akakibinya mgongo taratibu akisikiliza. Kizima kinapinda na kurudi kimya. Kibovu kinatoa alama nyeupe pale kinapopinda, au kinalia kama ukijiti kikavu.

Hapo tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Viti vya katikati ya mnara vilikuwa karibu vipya. Vilivyooza ni vya juu kabisa, na kingo za mbele za vile vilivyofuata. Kiti cha juu kilikuwa kimewavalia wenzake mwavuli kwa misimu miwili, na kwa sababu wakodishaji huanza kuchukua cha juu na kukirudisha mwisho, ni kile kile kila siku. Kati ya 79 vilivyobaki, tulivitoa 22. Vilivyosalia 57. Nilitegemea vibaya zaidi.

Vijana walitaka kuvishona vile 22. Unajua ile kazi, msumari wa moto unatoboa, waya mwembamba unashona ufa kama kidonda. Ni ufundi na ninauheshimu. Kiti kilichopasuka kwa kugongwa, plastiki yake ikiwa bado hai, kishone kitakaa. Lakini kiti kilichopasuka kwa jua, matundu ya sindano yenyewe yanakuwa mwanzo wa ufa mwingine. Mume wangu akakataa. Vikakatwa miguu mbele ya mama ili visirudi kwa siri kwenye arusi ya mtu, na vipande vikapanda gari linalorudi Dar es Salaam, ambako wapo wanaonunua plastiki chakavu. Usivichome moto, moshi wake si wa kuvuta wewe na wanao.

Kisha tukajenga kile ambacho tungejenga kabla ya kununua kiti hata kimoja: banda. Mita nne kwa tatu, nguzo za miti, paa la makuti tuliyoagiza kutoka pwani, limeshushwa chini upande wa magharibi ili jua la jioni lisiingie. Kwa nini makuti? Bati nalo linazuia miale, tena kabisa, lakini bati la chini bila dari linageuka tanuri, na joto tumeshalisema. Ukiwa na bati liweke juu na acha hewa ipite pembeni. Mama alipendekeza mwembe, na mwembe ni mzuri kuliko ukuta, ila kivuli cha mti kina matundu, na miale mingine inatoka angani pande zote, si kwenye jua peke yake. Hata siku ya mawingu inapita. Turubai? Ukivifunika viti gubigubi kwa turubai juani unavipika kwa mvuke, na lile turubai la bei nafuu lenyewe ni plastiki, baada ya msimu au miwili linachanika nyuzi nyuzi kwa ugonjwa ule ule. Litundike juu kama paa, lipate nafasi ya kupumua, halafu ukubali kulibadilisha.

Minara sasa ni ya viti kumi kumi, na kila mmoja una alama ya rangi. Viti vikirudi kutoka kwenye shughuli, kilichokuwa juu kinaingia chini. Wifi ndiye msimamizi, na mafuta yake anajipaka mwenyewe.

Wewe wa mjini usijione umepona. Zile seti za bustani za kusuka, zinazofanana na henzirani, kwenye vibaraza vya Goba na Kigamboni, nyingi ni plastiki pia. Za bei ya chini nyuzi zake zinakakamaa na kukatika moja moja, kisha mto unazama katikati. Uliza zimetengenezwa kwa plastiki gani, na uliza dhamana ni ya muda gani ikiwekwa nje, uandikiwe kwenye risiti. Muuzaji akianza kukuapia badala ya kukuandikia, kumbuka mimi pale Kariakoo. Na kabla hamjatoka kwenda kununua, kaeni wawili kwenye kibaraza chenu siku ya Jumapili kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, muone jua linapita wapi. Chukueni na juisi. Ni dati ya bei rahisi kuliko zote mlizowahi kwenda.

Kuna rafiki yangu wa ofisini aliyenicheka, eti nimeandika ukurasa mzima kuhusu viti vya shilingi elfu kumi na tatu. Nikamwambia kiti hiki kina wasifu kuliko sisi. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti chake cha plastiki, kipande kimoja kisicho na msumari wala kiungo, kinachotoka kwenye mashine chini ya dakika mbili. Kikaigwa dunia nzima. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Vitra kule Ujerumani lilifanya maonyesho kwa ajili ya viti vya aina hii tu. Watu walilipa kiingilio kwenda kuvitazama. Sisi tunavikalia kwenye ndoa zetu na vifo vyetu, halafu tunaviacha juani kwa sababu ni plastiki, vitaoza nini.

Gharama za hospitali za mjomba tulizilipa sisi, na ilikuwa haki. Mume wangu hakuniomba msamaha kwa maneno, na mimi sikumwomba. Siku ya kujenga banda alishika nguzo, nikafukia shimo, udongo ukamwingia kwenye viatu vyake vipya na hakusema kitu. Njiani kurudi tuliongea mpaka sauti zikakauka. Hesabu ya mradi tumeianza upya na viti 57, na faida bado hatujaiona, nisikudanganye.

Msimu wa 2025 tulirudi kwa arusi ya binamu. Mjomba alikuja na kanzu yake nyeupe, kifundo kimepona ila hakinyooki vizuri. Akakaribishwa mstari wa mbele. Mbele ya wageni wote, MC akiwa na kipaza sauti mkononi anasubiri, mzee alikishika kiti, akakigeuza miguu juu, akapitisha kidole chini ya kalio, akakitazama kidole chake karibu na macho, akakipangusa kwenye leso. Halafu akakaa.